Magogo Manne ya Baba

Kijijini, karibu na Petrovac,
Jumapili, 12 Oktoba 2003

Dada yangu mpendwa Zagorka,

Pokea salamu zangu, pamoja na salamu za Mama, ambaye amekaa hapa kando ya jiko akimenya pilipili hoho za kuchoma na kujifanya hajui ninamwandikia nani. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na mwanao Neda, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu walipokutoa kwenye kufua mashuka ya hoteli. Sisi huku tunapumua. Magoti ya Mama yanatabiri mvua kuliko redio. Mbwa amezeeka, siku hizi humbwekea mtu wa posta peke yake, tena akiwa amelala. Mimi mwilini sijambo.

Najua utashangaa kuona karatasi. Kwenye simu mimi na wewe tumekuwa watu wa hali ya hewa. Unaniuliza kama mvua imenyesha, nakwambia imenyesha, unasema huko Austria nako imenyesha, kisha tunasikilizana pumzi mpaka mmoja anasema haya, msalimie Mama. Mwaka mzima tumeishi hivyo. Nina neno la kukuambia ambalo siwezi kulisema huku nasikia pumzi zako, ndiyo maana nimenunua bahasha.

Barua yako kwa Mama ilifika Jumanne. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaikunja, akaichomeka nyuma ya picha ya Mtakatifu Luka, pale anapoweka mambo asiyotaka kuyaona wala kuyatupa. Alipokwenda kulisha kuku niliichukua nikaisoma. Nisamehe, ingawa hilo ni dogo kati ya mengi nitakayokuomba msamaha leo. Umeandika kwamba hutakuja tarehe ishirini na tano kwenye kumbukumbu ya mwaka ya Baba. Umeandika kwamba matofali yaliyobaki apewe yeyote anayeyataka, na nyumba yako isiezekwe, iachwe ianguke yenyewe. Na umeandika maneno haya, ambayo tangu Jumanne hayanitoki: "Siwezi kulala ndani ya kuta zilizomuua Baba."

Mama hali vizuri tangu siku hiyo. Ananiambia ameshiba, na mimi naiona sahani.

Nyumba yako iko kama ulivyoiacha. Ghorofa mbili za matofali meupe, madirisha bila vioo, na mbayuwayu walioingia chumba cha Neda bila kuomba ruhusa. Ukisimama barabarani unaona nyumba kumi na tano za namna hiyo, za watu wote walio Vienna na Linz, kubwa za kutosha kikosi cha jeshi, na nyuma ya kila moja kuna kibanda ambamo wazee wawili wanapika supu. Sisi ni watu wa ajabu. Baba alikuwa akiicheka nyumba yako kwa maneno na kuipenda kwa miguu. Kila asubuhi alivuka uwanja na kikombe chake cha kahawa, akaketi kwenye kile kiti cha mbao alichokiweka katika jiko lako lisilo na sakafu, akasema kwamba kahawa ya upande ule ni tamu zaidi. Kiti bado kipo. Sijakigusa.

Nataka kwanza tukumbushane kuhusu magogo, kwa sababu mambo yote yanaanzia hapo. Yale magogo manne ya mwaloni Baba aliyakata kutoka mti uliopigwa na radi nyuma ya kanisa mwaka uliozaliwa wewe. Akayasawazisha juu na chini kwa randa, akayavika pete za chuma alizozitoa kwenye magurudumu ya mkokoteni wa babu ili yasipasuke. Wenzake waliyacheka. Kijiji kizima kinatengeneza magari uani, na kila mtu huliegemeza gari lake juu ya chochote kilicho karibu: kreti ya bia, rimu kuukuu, tofali. Baba hakuwahi. Alikuwa na utaratibu wake kama padri. Uwanja uwe mgumu na tambarare. Gia iingie, breki ya mkono ivutwe, mawe yawekwe kwenye magurudumu yanayobaki chini. Ndipo jeki iinue. Ndipo magogo yaingie chini ya chuma kinene, si chini ya bati, na jeki ishushwe taratibu mpaka mzigo ukae juu ya mti. "Jeki ni mgeni," alikuwa akisema. "Mgeni anakusaidia kuinua, kisha anaondoka. Wa kubaki na mzigo ni mtu wa nyumbani."

Na mwisho, kabla hajaingia chini, alikuita wewe. Hakuniita mimi, aliniona mzembe tangu nikiwa na miaka saba, na leo namkubalia. "Zagorka, litikise! Lisipoanguka kwako, halitaanguka kwangu." Wewe ukashika bampa na kulitikisa gari kwa nguvu zako zote, ukikaza meno, mpaka akapiga kelele kwamba hilo ni gari, si mti wa mplamu, hakuna kitakachodondoka. Ulikuwa unacheka mpaka unakaa chini. Nakumbuka nilivyokuonea wivu.

Unakumbuka pia siku Kumu Tihomir, baba yetu wa ubatizo sote wawili, alipojilaza chini ya gari lake likiwa juu ya jeki tupu, akanyoosha mkono akiomba spana. Baba alikataa kumpa. Akasimama pale, spana mkononi, akasema: "Kumu, toka huko. Nitakuzika kwa moyo wote, ila leo nina kazi nyingine." Kumu akatoka akitukana na kujipangusa, akasema, "Radisav, wewe na magogo yako! Si uyabatize tu, tujue moja?" Lakini alitoka. Kijiji kizima kilijua kwamba Radisav hamwachi mtu alale chini ya jeki.

Ndiyo maana habari ya kifo chake chini ya gari iliwachanganya watu, na ikabidi watafute maelezo. Maelezo uliyapata kwa Shangazi Petrija, ambaye hawezi kuona shimo asilijaze maneno. Alikuambia Baba alikuwa na haraka. Kwamba wewe ulikuwa unakuja Jumamosi kwa basi, kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wetu, na ekzosi ya gari imekatika, na mzee kwa pupa ya kumpokea binti yake akanyakua matofali ya nyumba ya binti yake badala ya kuingia bandani kuchukua magogo. "Haraka haraka haina baraka," alisema pale kaburini, kwa sauti, ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu ikiwa bado mdomoni mwake. Nawe uliliangukia jeneza ukasema, "Baba, ni matofali yangu, Baba, ni mimi." Watu wawili walikushika mikono. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwako na mshumaa, nta ikinidondokea vidoleni. Nilisikia kila neno, nikanyamaza.

Na kule kilabuni walisema lao. Walisema mwalimu wa magogo amekufa bila gogo. Hawakusema kwa ubaya, walikuwa wanampenda. Lakini mwaka mzima kila mtu anapoinua gari mmoja huropoka kwamba hata Radisav mwishowe alikosea, basi nani anajua. Kumu husikia hayo akatazama ndani ya bilauri yake. Mimi nami nikatazama ndani ya yangu.

Sasa nakuambia ilivyokuwa, dada. Keti kama umesimama.

Septemba ya mwaka jana tulipojaza plamu, lile pipa kubwa la mbao lilikuwa limeanza kuoza chini kwa kukaa kwenye udongo. Nilitaka liinuke, lipate hewa, na ndoo ipite chini ya kizibo chake wakati wa kupeleka plamu kwenye mtambo wa kupikia pombe ya rakia. Sikwenda mtoni kutafuta mawe. Niliingia bandani nikachukua magogo manne ya Baba, nikaliweka pipa juu yake, tukalijaza. Baba alipoona alinuna. Akasema, "Utayarudisha kabla sijayahitaji." Nikasema nitayarudisha wiki hiyohiyo. Zikapita wiki tano.

Jumatano asubuhi, tarehe ishirini na tatu Oktoba, alikuja nilipokuwa nakoroga plamu akaniambia nimtolee magogo mawili. Hakuwa na haraka hata kidogo, Zagorka. Alikuwa na siku tatu mbele yake, na alikuwa anapiga mluzi. Alitaka tu gari liwe kimya atakapokuja kukupokea, kwa sababu mwaka uliotangulia ulimtania kwamba ulilisikia tangu mpakani. "Safari hii," alisema, "atageuka atanikuta nyuma yake kama paka."

Mimi nilikuwa nimechoka na mwenye kisirani. Nilimwambia siwezi kuanza kuhangaika na pipa la lita mia tano kwa ajili ya kipande cha bomba. Akasema basi tutaliinua kwa jeki, yeye atanisaidia. Nikasema pipa litamwagika. Akasema atasubiri mpaka kesho, niyatafutie pipa mawe. Na hapo, dada yangu, ndipo niliposema maneno ambayo nayasikia kila ninapoamka. Nilimwonyesha rundo lako kwa mti wa kukorogea nikasema, "Chukua hayo ya Zagorka. Kama yanabeba nyumba, yatashindwa na gari?"

Aliyatazama. Akaliinua moja kwa mkono mmoja, maana ni mepesi, ndani yamejaa hewa, unajua, akaligonga kwa kidole kama anavyogonga tikiti maji. Akaniambia halimpendezi. Mimi nikacheka. Nikamwambia kijiji kizima kinafanya hivyo, yeye peke yake ndiye anayeishi na magogo kama bibi harusi na sanduku lake. Nilimcheka baba yangu, Zagorka, kwa jambo alilokuwa na haki nalo. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma ufundi." Miaka miwili ya shule ya ufundi, na nilifukuzwa wa tatu.

Mengine yote aliyafanya kama kawaida. Gia, breki ya mkono, mawe nyuma. Aliinua kwa jeki, akapanga matofali mawili mawili kila upande, akashusha, akaitoa jeki. Akalitikisa gari yeye mwenyewe, kwa kuwa wewe hukuwapo na mimi sikujitolea. Likasimama imara. Matofali yale hayakuonyi, yanashika mpaka dakika yanapoacha kushika. Akajilaza juu ya zulia kuukuu akaendelea na mluzi wake. Mimi nilirudi kwenye pipa. Nilisikia sauti ndogo tu, kama mtu anayevunja mkate mkavu, na mluzi ukakoma.

Nilipiga kelele, akaja Kumu, wakaja wanawe, tukaliinua gari kwa mikono. Hakuteseka, hilo daktari alilisema, na katika yote niliyokuambia mwaka huu hilo lilikuwa kweli.

Lakini sijamaliza, na kilichobaki ndicho kibaya zaidi. Walipombeba Baba kumwingiza ndani, na wanawake wakaanza kulia na kufunika vioo, mimi nilibaki uani. Nikayatazama yale magogo chini ya pipa. Nikaona watu watakavyokuja kesho, watakavyouliza kwa nini hakutumia magogo yake, na jibu liko pale limesimama wima. Basi nikachukua jeki ileile. Nikaiweka chini ya ukingo wa pipa, nikainua upande mmoja, nikavuta magogo mawili, nikashusha. Nikazunguka upande wa pili, nikafanya vivyo hivyo. Nilifanya kwa utaratibu wote alionifundisha, polepole, mguu wangu ukiwa mbali. Zilimwagika ndoo moja au mbili za plamu. Kazi niliyomnyima Baba asubuhi haikunichukua muda wa kuvuta sigara mbili. Nikayaviringisha magogo mpaka bandani, nikayapanga yalipokuwa yakikaa siku zote. Polisi alipokuja akayakuta, akaandika kwamba marehemu alikuwa na vifaa salama na hakuvitumia.

Kwa hiyo si nyumba yako iliyomuua, na si ujio wako. Matofali yalikaa pale miaka miwili na Baba hakuyatazama kama kitu cha kuwekea gari, mpaka mimi nilipomwonyesha. Nilimuua kwa uvivu na kwa kicheko, kisha nikamwibia jina lake, kisha nikakuacha wewe ubebe jeneza lote peke yako. Mgeni aliinua akaondoka, na mtu wa nyumbani aliyetakiwa kubaki na mzigo alikuwa mimi. Mara nyingi nilishika simu nikitaka kukuambia. Ukauliza mvua, nikasema imenyesha. Sikutaka unichukie, basi. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Baada ya kuisoma barua yako nilikaa siku mbili. Alhamisi, tulipokuwa tunachoma pilipili uani, nilimwambia Mama yote kama nilivyokuandikia. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kugeuza pilipili juu ya moto, haraka haraka, kwa vidole vitupu kama kawaida yake. Kisha akasema, "Asubuhi ya siku ile ndoo yangu ilipita chini ya kizibo. Jioni haikupita." Nilimwuliza kwa nini basi alinyamaza mwaka mzima. Akaniambia yeye ameshazika mume, hakutaka kuzika na mtoto, na kwamba alikuwa akinisubiri. "Usiniambie mimi," akasema. "Mimi nina macho. Umwambie dada yako." Akaingia ndani. Tangu hapo hajanisemesha zaidi ya chumvi na kuni, ila kila jioni ananiuliza kama nimeandika. Leo namwonyesha bahasha.

Kumu Tihomir nimemwambia jana. Alinyanyua mkono kunipiga, akaushusha, akalia. Tarehe ishirini na tano, baada ya sala, mezani, kabla ngano haijazunguka, nitasimama niseme mbele ya watu wote kwamba Radisav hakukosea, kwamba aliomba magogo yake na mwanawe akamnyima. Padri nimeshamjulisha. Shangazi Petrija atapata cha kusimulia mpaka kaburini, acha apate.

Matofali yako sijampa mtu. Vigae ulivilipia wewe mwenyewe, vimefunikwa, na ukitaka nyumba iezekwe nitapanda juu na Kumu kabla ya baridi. Ukitaka nisiikanyage, sitaikanyaga, atapanda mwingine. Hilo utaamua wewe. Sikuombi unisamehe kwa barua, maana sikukukosea kwa barua. Nakuomba uje ulale chini ya kuta zako, na uketi kwenye kile kiti, hata kama utaomba mimi niondoke siku hizo. Nitakwenda kwa Kumu.

Jambo la mwisho, kisha nifunge. Jana nilitengeneza gari. Tangu siku ile lilikuwa limekaa uani chini ya turubai, hakuna aliyethubutu. Niliosha magogo, nikayapangusa ute wa plamu uliokuwa umekauka kwenye pete zake, nikayaingiza yote manne. Kabla sijalala chini nilisimama, nikajikuta natafuta nani alitikise. Mama alitoka jikoni bila kuitwa, na magoti yake yale. Akashika bampa kwa mikono miwili, akalitikisa mpaka kilemba chake cheusi kikamwangukia usoni. Halikusogea. Akasema, "Ingia," akabaki amesimama pale mpaka nilipotoka.

Msalimie shemeji, mbusu Neda, mwambie mbayuwayu wake wameshaondoka kwenda kusini ila wamemwachia uchafu wa kutosha. Mama anasema uvae soksi za sufu njiani. Mungu awalinde nyote.

Ijumaa ya tarehe ishirini na nne nitakuwa kituoni Petrovac basi la Vienna litakapoingia. Usiposhuka nitaelewa, nitarudi Jumamosi alfajiri kulisubiri la pili. Ukishuka, usisikilize. Gari sasa liko kimya kama Baba alivyotaka, kwa hiyo itabidi ugeuke uangalie.

Ni mimi mdogo wako,
Vidoje